Fomalini Niliyoileta Nyumbani

Limi mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Igoma kumuaga baba yako mdogo, na ninakujua: ukiambiwa kaa unywe chai utakaa, ukiambiwa subiri ugali utasubiri. Kwa hiyo nina mchana mzima peke yangu. Sanduku lako liko tayari, baba yako yuko kazini melini hadi jioni, na Bibi yako amejilaza chumbani mlango ukiwa wazi, anakoroma kidogo kidogo. Ukimwambia anakoroma atakana. Nimechukua daftari lako la kidato cha nne uliloliacha na kurasa nyeupe, nakuandikia barua utakayoisoma ndani ya treni ukishaipita Shinyanga, mahali ambapo huwezi kuruka ukarudi kuniuliza maswali.

Sitaandika habari za chandarua wala za kuchemsha maji ya kunywa. Bibi amekwisha kukuambia mara tatu, na ya nne ataisema kesho stesheni, tena kwa sauti. Mambo ya wavulana nayo ameyamaliza, na mengine aliyoyasema hata mimi niliona haya nikatoka nje. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka tisa.

Unaukumbuka mwaka ule Bibi alipoondoka hapa nyumbani. Uliambiwa amekwenda Igoma kuwalea watoto wa baba yako mdogo. Ulikuwa na miaka tisa, ukaamini, au ulijifanya umeamini. Si kweli, Limi. Bibi yako nilimfukuza mimi. Nilimfukuza kwa ajili yako, wakati wewe hukuwa na kosa lolote, wala yeye hakuwa na kosa. Sitaki uondoke bila kulijua hilo, hasa kwa kuwa unakwenda Dodoma kusomea utabibu, na haitapita miezi miwili watakuingiza kwenye chumba kama kile nilichokifanyia kazi mimi. Chumba kile ndicho kilichotugombanisha.

Nilipoajiriwa chuoni kuwa mtunza chumba cha vielelezo, nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika ufunguo ule. Vielelezo ni viungo vinavyohifadhiwa ili wanafunzi wajifunze jinsi mwili ulivyojengwa: mioyo ya mbuzi na ya ng'ombe kutoka machinjioni, figo, macho, miguu yenye mishipa yake, na vichache vya binadamu, ambavyo vilikuwa na kabati lake na heshima yake. Vyote vililala ndani ya chupa kubwa za kioo na mabeseni yenye vifuniko, vimezama kwenye fomalini. Ukiitazama fomalini utadhani maji. Inazuia nyama isioze, na kwa kazi hiyo ni hodari kweli, lakini mvuke wake unawasha macho, unakwaruza koo, na ukiuvuta mwaka hadi mwaka unakula mwili taratibu bila kupiga hodi.

Mtu aliyenikabidhi chumba alinifundisha namna ya kujua kama dawa bado ina nguvu. Unafunua chupa, unainamisha uso. Machozi yakitoka, nzuri. Yasipotoka, ongeza. Kuhusu kitambaa cha kufunga puani alisema hicho ni cha wageni, na kwamba mtu wa kazi anazoea. Pale chuoni walikuwa wameshaanza kusemezana kwamba huyu mama hamalizi mwezi. Basi kwa kuwa mimi ni mbishi, kama unavyonijua, nikayameza mafundisho yale mazima mazima. Wiki ya kwanza nililia kama nimefiwa. Mwezi wa tatu silii tena. Nikajisifu hadi kwa baba yako, nikamwambia pua yangu imekomaa. Kumbe haikukomaa, ilikuwa inakufa, na mimi naishangilia.

Koti langu jeupe nililifulia hapa nyumbani pamoja na nguo zako. Mikono nilikuwa nikiifuta kwenye kitenge nilichojifunga kiunoni, na kitenge hicho hicho ndicho nilichorudi nacho. Nilikuwa nikifika mlangoni nakuita, nakukumbatia, nakufunika nacho. Wewe ukawa unageuza uso. Mwanzoni nilidhani ni deko la kitoto. Baadaye ukawa ukinisikia tu unakimbilia mgongoni kwa Bibi, unajificha. Tukikaa kula, unahamisha kigoda chako upande wake. Ukaomba kulala kwake. Nikakuuliza, "Kwani mimi nina nini?" Ukatazama chini ukasema, "Hamna kitu, mama."

Na Bibi naye kila nilipoingia alikuwa na jambo lake. Sijavua viatu, ananiambia, "Maji ya moto yako bafuni, Mama Limi. Kaoge kwanza." Si mara moja, kila siku ya Mungu. Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ananiambia ni mchafu. Yeye anashinda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba akitia chumvi sangara, anarudi ananuka samaki kuanzia kilemba hadi visigino, halafu mimi ninayefanya kazi na madaktari ndiye wa kuambiwa nikaoge! Nikawa naoga kwa hasira. Siku nyingine makusudi sikuoga, nikakaa sebuleni na koti langu, nikaona mnavyohama mmoja mmoja kwenda uani. Moyo ukaniuma, Limi. Ulikuwa mtoto wangu wa pekee, na nilikuwa nakuona unavyoniponyoka ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Huku kwetu mtoto akimkataa mama yake, watu hawasemi ni harufu. Watasema kuna mkono wa mtu. Jirani mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama mkwe wangu ana dawa zake, na swali lile likalala kichwani mwangu likaamka limekuwa jibu. Jumapili moja, Bibi akiwa kanisani na wewe, niliingia chumbani kwake nikafungua furushi lake la nguo. Nilipekua kila kitu. Nilikuta chumvi ya mawe kwenye mfuko, vitenge viwili, na sweta lako la utotoni ambalo mimi nilikuwa nimelitupa kwa kuwa limechanika kiwiko. Alikuwa amelishona. Mtu mwenye akili angefunga furushi lile akaenda kupika. Mimi nililiona sweta nikasema, haya, ndiyo hiyo dawa yenyewe.

Mliporudi nikangojea uanze kucheza nje, halafu nikamwambia Bibi maneno. Siyarudii yote. La mwisho lilikuwa, "Mama, una mtoto mwingine Igoma. Nenda ukakae kwake, na wangu uniachie." Nilitaka ajibu, nilikuwa nimeyaandaa majibu ya majibu yake. Akasema tu, "Maji yako ya moto yako bafuni." Akaingia ndani, akafunga vitu vyake kwenye beseni, akaondoka kabla baba yako hajarudi kutoka melini. Wewe ulikuja mbio ukauliza Bibi anakwenda wapi na beseni, nami nikakutungia ile hadithi ya watoto wa Igoma. Baba yako nilimwambia hadithi hiyo hiyo, na nadhani hakuiamini, lakini mwanamume akiwa katikati ya mama na mke hupenda sana kuamini.

Nilidhani sasa utarudi kwangu. Hukurudi. Uliendelea kugeuza uso, safari hii bila mgongo wa kujifichia. Ulikuwa unakula haraka, unakwenda kulala umeelekea ukutani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chako nikiwa na kitenge changu kile kile, nakupapasa kichwa, unakohoa. Nikakununulia dawa ya kifua.

Halafu fomalini ikaisha. Ulikuwa wakati ule serikali ilipoanza kuviambia vyuo na hospitali vijitegemee kwa baadhi ya vitu. Bohari lililokuwa likituletea likawa halileti, na wafanyabiashara wa soko huria walikuwa bado wanashughulika na redio na mitumba, hakuna aliyefikiria kuleta fomalini Mwanza. Mkufunzi wetu wa anatomia, Mwalimu Byera, Mhaya mmoja mrefu mwenye maneno yake, akaniambia nitumie iliyobaki kwa kubana. Nikabana hadi ikawa hakuna cha kubana. Mabeseni ya vielelezo vipya yakakaa makavu, chupa za zamani nikaziongezea maji, na kwa wiki kadhaa kazi yangu ikawa kufuta vumbi na kupanga vitabu.

Jioni moja nilikuwa uani nachambua mchele. Ukaja ukakaa karibu yangu. Nikajikausha, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani. Ukaegemea. Halafu ukalaza kichwa kwenye paja langu, juu ya kitenge, ukasema, "Mama, siku hizi huchomi."

"Sichomi nini?"

"Macho. Zamani ukinishika yanawasha. Na hapa kooni."

Nikauliza kwa nini hukuniambia. Ukasema, "Bibi alisema mtu hamwambii mama yake kwamba ananuka. Alisema utalia."

Sikulia, kwa sababu ulikuwa umelaza kichwa na sikutaka uinuke. Nilikaa na ungo wa mchele hadi giza likaingia, miguu ikafa ganzi. Nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, na sijui hata leo ipi ilikuwa kubwa. Yale maji ya moto, Limi! Mwanamke yule alikuwa anachota maji, anawasha kuni, ili mimi niondoe dawa mwilini nipate kumshika mtoto wangu bila kumuumiza. Na mimi nikamfukuza kwayo.

Ungetegemea kesho yake niende nikapige magoti. Sikuenda. Hili ndilo ninalotaka ulijue kuhusu mama yako: kujua kosa na kuliomba radhi ni safari mbili, na ya pili mimi niliichelewesha kwa kila sababu. Nikasema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi mvua. Jumamosi nyingine nguo za kufua. Kilichonipeleka hatimaye hakikuwa ujasiri, ni kuoza.

Mwalimu Byera aliingia chumbani asubuhi moja, akasimama mlangoni, akafunika pua kwa tai yake. "Mama Limi," akasema, "husikii?" Nikamuuliza kusikia nini. Akafunua beseni la mioyo ya mbuzi niliyoleta kutoka machinjioni wiki ile na kuiweka kwenye dawa niliyoichuja kutoka kwenye chupa za zamani. Nzi walikuwa wameshaijua habari ile. Mimi nilikuwa nimekaa mle ndani tangu saa moja asubuhi, nakunywa chai. Hapo ndipo nilipojua kwamba pua yangu imekwenda moja kwa moja. Wewe unajua tu kwamba mama haambiwi aangalie wali, kwa kuwa utaungua mbele yake akitabasamu. Sasa unajua mambo hayo yalianzia wapi.

Mtihani wa wanafunzi ulikuwa umebaki kama miezi miwili, na hawakuwa na moyo hata mmoja wa kuushika mkononi. Mwalimu alikuwa na wasiwasi wa kweli. Alisema hawezi kuwapeleka vijana vijijini kuwa waganga wa watu wakiwa wameuona moyo kwenye picha tu. Mimi nikasema tujaribu chumvi. Mbona sangara wanakaa na chumvi miezi, wanasafirishwa hadi Kongo na hawaozi? Nikapata mioyo mipya, nikaipasua, nikaisugua chumvi, nikaitandaza juu ya bati la stoo ya chuo juani, kama nilivyoona watu wa Mwaloni wanavyofanya kayabo, yaani sangara wa chumvi wa kukausha. Nikawa nageuza mchana kutwa. Baada ya wiki mbili nikampelekea Mwalimu kwenye sinia, najivuna.

Akachukua mmoja, akaugonga mezani. Ukalia ko, ko.

"Mama Limi," akaniambia, "hii niifundishie au niiloweke nipike?"

Tulicheka hadi akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akauliza nani hapa mjini anaijua chumvi kwelikweli. Nikajifanya napanga mioyo kwenye sinia. Akauliza tena. Nikamwambia yupo mtu mmoja, ila mimi na yeye hatusemezani. Akasema, "Basi semezaneni. Nina wanafunzi arobaini."

Nilikwenda Mwaloni kesho yake. Bibi alikuwa ameinama kwenye pipa, mikono imezama hadi viwiko. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akainua, akaona ni mimi. Maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima yakapotea, nikajikuta nauliza habari za chumvi. Nikamweleza mambo ya moyo wa mbuzi, kwamba nataka ukae bila kuoza lakini ubaki laini, vyumba vyake vya ndani vifunguke, mishipa yake ionekane.

Bibi yako akanitazama kama ananipima. "Unataka wa kula au wa kutazama?"

"Wa kutazama, mama."

"Sasa juani umeupeleka kufanya nini? Jua linafukuza maji. Kayabo tunataka ikauke. Wewe hutaki ikauke, unataka ilowe. Weka kwenye maji ya chumvi, uache humo humo." Akachukua yai bichi kutoka kwa mama aliyekuwa akiuza chai, akalitia kwenye ndoo ya maji matupu. Likazama. Akaanza kumimina chumvi na kukoroga, kumimina na kukoroga, hadi yai likapanda likaelea, kipara nje. "Hapo. Chini ya hapo unajidanganya. Na chumvi haiingii kwenye kitu kilichofungwa. Sangara mkubwa hatumpasui kwa urembo. Mfungulie njia hadi ndani, kwenye mfupa, la sivyo nje kutakuwa kuzima na ndani kumeoza."

Nilimsikiliza, nikawa natingisha kichwa. Halafu nikasema, "Mama, nisamehe." Yalitoka hivyo tu, mbele ya wauza samaki wote.

Alifuta mikono kwenye magunia. Akauliza, "Mtoto anakula?"

"Anakula."

"Anakohoa?"

"Ameacha."

"Basi Jumamosi nitakuja," akasema, akarudi kwenye pipa lake. Jumamosi akaja na beseni lake kichwani, ukakimbia kumpokea hadi barabarani, ukamwangusha kandambili moja. Hiyo unaikumbuka, umeisimulia mara nyingi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni sijui niweke wapi mikono yangu.

Kazi ya chumvi nayo haikuwa mteremko, na nakuambia haya kwa sababu utakutana na watu wa pande mbili, wa chumvi na wa fomalini. Mwalimu alichukua maneno ya Bibi ya kufungua njia, akatumia bomba la sindano kusukuma maji ya chumvi ndani ya mishipa ya damu yenyewe, halafu tukauzamisha moyo kwenye beseni. Ukabaki laini. Mguu wa mbuzi ukawa unakunjika gotini kama vile ulivyokuwa ukikunjika ukiwa mzima, jambo ambalo kwenye fomalini huliwezi, kule kila kitu hukakamaa kama kuni. Wanafunzi walifanya mtihani wao macho makavu. Lakini mikasi yetu yote iliota kutu. Maji yalitaka kubadilishwa kila wiki, ukisahau yanavunda. Na ubongo, mwanangu, chumvi iliushindwa kabisa: ukalainika ukawa kama uji wa mgonjwa. Anayekuambia chumvi inatosha kwa kila kitu, hajawahi kufungua fuvu.

Miaka michache baadaye wafanyabiashara wakaanza kuleta fomalini wenyewe, kwenye madumu ya plastiki, unaagiza unaletewa hadi mlangoni. Mkuu mpya wa chuo akasema tuachane na mambo ya sokoni, turudi kwenye dawa ya kisasa. Nilikasirika, nikataka kurudisha ufunguo. Mwalimu akanituliza. Alisema hasira yangu ni ya haki lakini hasira haihifadhi ubongo. Tukakubaliana hivi: kitu kinachohitaji fomalini kinapewa kidogo, siku chache tu, madirisha wazi, pua zimefungwa. Kikishakolea dawa, kinaoshwa kwa maji yanayotiririka mchana kutwa, kisha kinahamia kwenye maji ya chumvi, au kwenye spiriti na gliserini ikipatikana, na humo ndimo kinamokaa mwaka mzima wanafunzi wakikishika. Koti langu likawa linafuliwa na kubaki chuoni. Haikuwa ushindi wa mtu yeyote. Kilikuwa chumba unachoweza kuingia ukatoka kama ulivyoingia, na mimi niliridhika nacho, naridhika hadi leo.

Huko uendako sijui watakuwa wanatumia nini. Huenda fomalini tupu, kama zamani. Utakuta wenzako wanashindana nani anakaa karibu na meza bila kupepesa macho. Wewe pepesa, Limi. Macho yakiwasha, sema, hata kama ni wewe pekee unayesema, hata kama mkufunzi ni mtu mkubwa na wewe ni mtoto wa mhudumu. Yule anayelala mezani mpe heshima yake; huyo hakuambii kitu na anakufundisha kila kitu. Lakini kwa walio hai, tafadhali, heshima isikuzibe mdomo. Katika nyumba yetu watu watatu walinyamaza kwa kuheshimiana, na nusura tupotezane. Wewe ulinyamaza usiniumize. Bibi alinyamaza asiniaibishe. Na mimi nilinyamaza kwa kiburi, ambacho nacho hupenda kuvaa nguo za heshima.

Nilipofika hapo kwenye kiburi, Bibi ameamka. Amekuja amekaa kwenye kigoda, akauliza ninaandika nini muda wote huu kama karani wa mahakama. Nikamwambia ukweli. Nilidhani atasema yaliyopita yamepita. Akasema, "Nisomee."

Nimemsomea yote, tangu mwanzo. Pale pa kukoroma alikana. Pale pa moyo kulia ko, ko alicheka akashika mbavu. Pale pa furushi la nguo hakucheka. Alikuwa hajui kwamba nililipekua. Ameishi nami miaka yote hii bila kujua. Alinitazama, nikaendelea kusoma kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia.

Nilipomaliza akasema, "Umeandika kwamba nilinyamaza nisikuaibishe."

"Ndiyo, mama."

"Nani kakuambia?"

Nikasema, "Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Mimi ni mtu wa samaki, Mama Limi. Harufu ile niliijua wiki ya kwanza. Kukuambia ni maneno mangapi? Lakini mtoto alikuwa anakuja kwangu. Nilizaa wanaume watupu, wakakua wakaondoka. Nikapata kasichana kanalala mgongoni mwangu kila siku. Nikasema, acha kidogo. Kesho nitamwambia. Kesho nitamwambia." Akatazama mikono yake. "Maji ya moto nilikuwa nakuwekea kwa sababu dhamiri ilikuwa inanisuta. Maneno sikusema kwa sababu nilikuwa na furaha."

Nilikasirika, Limi, sikufichi. Miaka tisa nimelibeba kosa lile peke yangu kama mtungi, kumbe lilikuwa na mshikio wa pili. Nilisimama, nikaenda hadi jikoni, nikageuza sufuria ambayo haikuwa na kitu. Niliporudi bado alikuwa amekaa vile vile, mzee wa watu, anangoja nimwambie maneno. Nikatafuta neno la kumwambia. Kila nililolipata lilinihusu na mimi. Nikaanza kucheka, naye akaanza kucheka, tukawa tunachekana kama wasichana waliokamatwa na kosa moja.

"Andika hivyo hivyo," amesema. "Asiondoke akidhani bibi yake ni malaika."

Basi nimeandika. Tulikugombea wawili, mtoto wa miaka tisa, na siri zetu zote tukakutwisha wewe. Tunakuomba msamaha, mimi na yeye, na hatuna haraka ya jibu.

Ninasikia sauti yako barabarani, unamsalimia jirani. Sijakunja hata karatasi. Bibi amenyanyuka mbio, amekwenda kukushika mlangoni akucheleweshe nimalize. Mara hii anakuzuia kwa ruhusa yangu.

Mama yako.